Lebanon, madhehebu yao na habari tunazosikia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila Beirut ikitajwa kwenye taarifa ya habari simu yangu inajaa maswali, na ni yaleyale. Nilikaa miaka kadhaa kwenye dawati la kutafsiri habari za mashirika makubwa ya nje kuja Kiswahili, ndo maana watu wananiuliza mimi. Nimeyakusanya hapa. Soma unalotaka, si lazima uanze juu, pale ambapo jibu liko sehemu nyingine nimekuelekeza.

## Tuanze na mwanzo

Hivi Lebanon si ni Wakristo wanapigana na Waislamu?

Hapana, na hili ndo swali linaloongoza. Wakristo na Waislamu wapo na wamewahi kuuana kweli, hilo silifichi. Lakini chukua kalamu uandike nani alikuwa upande wa nani mwaka gani, karatasi itachafuka. Kuna chama kikubwa cha Kikristo kilichokaa miaka na Hezbollah, chama cha Washia chenye silaha, na kingine cha Kikristo ambacho Hezbollah ndo adui yake mkubwa na kikasimama na Wasunni.

Wanachogombania sio nani anasali vipi, sijawahi kusikia mtu karushiana mawe Beirut kwa sababu ya Utatu Mtakatifu. Wanagombania mgao, yaani viti vya bunge, wizara, ajira za serikali, tenda, na kila kundi lina mkubwa wake wa nje anayelisaidia. Dhehebu ndo foleni unayopanga kwenda kuchukua mgao wako. Ukilishika hilo, mengi ya huku chini yatakuwa mepesi.

Madhehebu yako mangapi?

Yanayotambuliwa na serikali ni 18. Makubwa ni Wasunni, Washia, Wamaroni (hawa ni Wakatoliki wenye mapokeo yao ya Mashariki), halafu Waorthodoksi wa Kigiriki, Wakatoliki wa Kigiriki, Wadruze, Waarmenia, Waalawi na wengine wadogo wadogo. Hata Wayahudi wamo kwenye orodha ingawa waliobaki ni wa kuhesabu kwa vidole.

Kwa nini rais lazima awe Mmaroni? Katiba imesema hivyo?

Katiba haijasema. Ni makubaliano ya mdomo ya 1943, wakati nchi inapata uhuru kutoka kwa Mfaransa, kati ya Bechara El Khoury aliyekuwa Mmaroni na Riad El Solh aliyekuwa Msunni. Rais awe Mmaroni, waziri mkuu awe Msunni, na spika wa bunge anakuwa Mshia. Hawakuandika popote, na mpaka leo ndo yanayofuatwa.

Vilivyoandikwa kwenye sheria ni viti vya bunge. Viko 128, nusu Wakristo nusu Waislamu, na kila dhehebu linajua idadi yake: Wamaroni 34, Wasunni 27, Washia 27, Waorthodoksi 14, Wadruze 8, mpaka Waalawi wana viti 2. Mgao unashuka mpaka kazini. Mkuu wa jeshi Mmaroni, gavana wa benki kuu Mmaroni, na vyeo vikubwa serikalini vinagawanywa nusu kwa nusu, kwa hiyo mtu anaweza kuwa na shahada zote za dunia akaambiwa pole, nafasi hii ni ya Waorthodoksi.

Kwa hiyo nani wengi?

Hakuna anayejua kwa takwimu rasmi, na ni makusudi. Sensa ya mwisho ilifanyika 1932, enzi za Mfaransa. Ilionyesha Wakristo wamezidi kidogo, na ndo maana 1943 waligawana viti kwa hesabu ya Wakristo 6 kwa Waislamu 5. Tangu hapo hakuna serikali iliyokubali kuhesabu watu tena manake ukihesabu umeanzisha ugomvi. Makadirio yapo na karibu wote wanakubali kwamba Waislamu sasa ndo wengi, ila ukisoma habari ya nje inayotoa asilimia kamili utadhani wamehesabiwa juzi, jua hayo ni makadirio.

Ni kama ukabila wetu huku?

Nusu ndiyo. Ile hisia ya "mtu wetu akiingia na sisi tutakula" unaifahamu, haihitaji tafsiri. Tofauti ni kwamba kwa Kenya, tuseme, ukabila unafanya kazi chini ya meza, kule uko juu ya meza umeandikwa na kugongwa muhuri.

Watakaoelewa haraka kuliko sote ni Warundi. Katiba yao ya 2005, na hata ile ya 2018, imegawa viti vya bunge la taifa asilimia 60 Wahutu na 40 Watutsi, Seneti nusu kwa nusu, na Watwa wakapewa viti vyao. Mrundi ukimwelezea bunge la Lebanon hashangai hata kidogo, atakuuliza tu mbona madhehebu ni mengi hivyo.

## Maisha ya kawaida

Dhehebu linaandikwa kwenye kitambulisho?

Siku hizi halimo kwenye kitambulisho. Wakati wa vita lilikuwemo na watu walikufa nalo mkononi, unafika kizuizini kijana mwenye bunduki anaomba kitambulisho, anasoma mstari mmoja, basi. Sasa limebaki kwenye daftari la usajili wa familia serikalini. Na daftari hilo ni la kijiji cha asili cha baba yako, sio unapoishi, kwa hiyo mtu kazaliwa Beirut kazeekea Beirut lakini siku ya uchaguzi anapanda gari kwenda kupiga kura kijijini kwa babu yake. Mwanamke akiolewa anahamishiwa kwenye daftari la mume.

Hilo ni dogo kwenye habari lakini kwenye siasa ni kubwa kweli. Majirani wa ghorofa moja, wenye shida moja ya maji na umeme, hawawezi kumpigia kura mtu mmoja wa kuwatatulia, kila mmoja kura yake iko milimani kwao.

Mkristo na Mwislamu wanaweza kuoana?

Kupendana hakuna anayekataza. Tatizo ndoa ya serikali haipo, zote zinapita kwa mashehe, makadhi, mapadri na mahakama zao, na kila dhehebu lina sheria zake za talaka, mirathi na malezi ya watoto. Kwa hiyo wanapanda ndege kwenda Cyprus, hata saa nzima haifiki, wanafungishwa ndoa ya kiserikali kule wanarudi na cheti, na serikali yao inakisajili vizuri tu. Ndoa ileile ingefungwa Beirut ingekuwa kesi. Sijui nani alikaa akaona hii ina akili.

Kama wanalalamika kila siku mbona wanawachagua walewale?

Kuna neno lao, zaim, yaani kigogo wa dhehebu. Nabih Berri ni spika tangu 1992. Walid Jumblatt wa Wadruze alirithi uongozi baba yake alipouawa 1977, naye 2023 akaachia chama kwa mwanawe Taymour. Gemayel, Frangieh, Hariri, majina ni yaleyale kutoka babu mpaka mjukuu.

Sasa kabla hujacheka, fikiria wewe ndo uko kule. Umeme wa serikali masaa machache kwa siku, hospitali ya serikali hoi. Mtoto anaumwa usiku, anayekupatia kitanda hospitalini ni mtu wa chama. Mtoto mwingine kapata nafasi chuo, ada kalipa mfuko wa kigogo. Kazi ya ulinzi bandarini kapata shemeji yako kwa simu moja. Wao wanaita wasta, waliokaa Oman na Dubai wanalijua neno. Utampigia kura nani kama sio huyo? Kwa hiyo mwandishi wa nje akiandika "wapiga kura wenye utii wa kidhehebu" mimi nasoma "watu wenye bili ya hospitali".

## Vita

Vita vya 1975 mpaka 1990 nani alipigana na nani?

Kila mtu na kila mtu, na sitanii. Tarehe inayotajwa kuwa mwanzo ni 13 Aprili 1975, basi lililobeba Wapalestina lilipopigwa risasi mtaa wa Ain el-Rummaneh, Beirut. Mwanzo ilionekana Wakristo wa mrengo wa kulia upande mmoja, na upande wa pili Wapalestina, Waislamu na wanasiasa wa kushoto. Mwaka mmoja tu ukapita, Juni 1976 Syria ikaingiza jeshi, na haikuja kuwasaidia Wapalestina na wenzao, ilikuja kuwazuia, yaani kwa wakati ule iliwaokoa Wakristo. Hapo tayari ile hadithi ya dini mbili imeshavunjika.

Endelea. Juni 1978 huko Ehden wapiganaji Wamaroni wakamuua Tony Frangieh, mtoto wa rais mstaafu, pamoja na mkewe na binti yao mdogo, nao Wamaroni. 1982 Israel ikavamia mpaka Beirut, na Septemba mwaka huo wanamgambo wa Kikristo wakaingia kambi za Sabra na Shatila kuua raia Wapalestina huku jeshi la Israel limezunguka nje. 1985 Amal, ambao ni Washia, wakazingira kambi za Wapalestina. 1988 Amal wakaanza kupigana na Hezbollah, Washia kwa Washia, mtaa kwa mtaa. Na 1990 kabisa, vita vinakaribia kuisha, jenerali Michel Aoun na Samir Geagea, mkuu wa wanamgambo wa Kikristo, wote Wamaroni, wakapigana ndani ya maeneo ya Wakristo na kuyaharibu vibaya sana.

Idadi ya waliokufa inayotajwa ni kama 150,000. Kwa hiyo ukisikia "vita vya Wakristo na Waislamu vya miaka 15", muulize aliyesema Ehden ataiweka wapi.

Vilikwishaje? Nani alishinda?

Wabunge walipelekwa mji wa Taif, Saudi Arabia, 1989, wakakubaliana: ile 6 kwa 5 ikawa nusu kwa nusu, rais akapunguziwa madaraka, waziri mkuu na spika wakaongezewa. Pia waliahidi kuufuta mfumo wa madhehebu hatua kwa hatua, mpaka kwenye katiba ahadi imo. Tunasubiri.

Agosti 1991 ikapitishwa sheria ya msamaha na wakuu wengi wa wanamgambo wakavua kombati wakavaa suti wakaingia kwenye mawaziri. Hao ndo baadhi ya wazee mnaowaona kwenye TV mpaka leo.

Na hizo "Machi 8" na "Machi 14" ni nini?

Ni tarehe za maandamano mawili ya 2005, baada ya waziri mkuu wa zamani Rafic Hariri kuuawa kwa bomu 14 Februari. Tarehe 8 Machi Hezbollah na wenzao wakajaza uwanja kuishukuru Syria, tarehe 14 wapinzani wakajaza zaidi kuitaka iondoke, na ikaondoka mwezi uliofuata. Kambi zikabaki na majina hayo. Wasunni wengi walikuwa Machi 14, Washia wengi Machi 8, na Wakristo wakapasuka katikati, manake Aoun, yuleyule aliyepigana na Syria, Februari 2006 alikaa na Hassan Nasrallah, kiongozi wa Hezbollah wakati huo, ndani ya kanisa la Mar Mikhael wakasaini maelewano. Picha ile, mbele ya waandishi wote wa dunia, na bado wiki iliyofuata wengine waliendelea kuandika Wakristo kwa Waislamu.

## Vyombo vya habari vya nje

Kwa nini vyombo vya nje vinapenda kusema "Washia", "Wasunni" hata kwenye habari ya bei ya mkate?

Sababu ya kwanza ni nafasi. Habari ya shirika la habari ina maneno kama 400, mhariri yuko London au Paris, msomaji hajui lolote. Kuelezea mgao wote niliouelezea huko juu haiwezekani, kwa hiyo kuna aya ya usuli, tempuleti kabisa, inakopiwa na kupestiwa mwaka baada ya mwaka mpaka aliyeiandika mwanzo kastaafu. Mimi mwenyewe nilikuwa na faili la aya hizo zimeshatafsiriwa tayari, nabandika tu.

Ya pili ni kwamba dini inaeleweka haraka. Ukisema "chuki ya kale ya madhehebu" msomaji anatikisa kichwa anahamia kwenye michezo, hakuna wa kulaumiwa, sio benki, sio mfadhili wa nje, sio Mfaransa aliyechora mipaka 1920. Ireland ya Kaskazini ilipata hilohilo, dunia ikaambiwa Wakatoliki na Waprotestanti wakati ubishi ulikuwa nchi ibaki chini ya London au iungane na Dublin.

Na sisi limetukuta. Baada ya uchaguzi wa Kenya wa 2007 vyombo vingi vya nje viliandika mapanga na makabila, ardhi ya Bonde la Ufa na tume ya uchaguzi vikawekwa mwisho wa habari kama vipo. Na 2015 CNN walipoiita Kenya kitovu cha ugaidi kabla ya ziara ya Obama, Wakenya waliwashukia mitandaoni mpaka bosi wao mmoja akapanda ndege kuja Nairobi kuomba radhi. Walebanoni hawana bahati hiyo.

"Ngome ya Hezbollah" ni nini hasa?

Ni vitongoji vya kusini mwa Beirut, wenyeji wanaita Dahiya tu, yaani kitongoji. Hezbollah wana nguvu kweli pale, ofisi zao na watu wao wako pale, hakuna anayebisha. Tatizo ni neno ngome. Ngome ina kuta na mizinga, mtu wa pwani akisikia ngome anaona Fort Jesus.

Septemba 2024 mabomu ya Israel yalipokuwa yanashuka nilikuwa zamu ya usiku, nikaandika ngome ya Hezbollah kwenye kila taarifa kama tulivyozoea. Asubuhi nikakuta sauti kwenye WhatsApp kutoka kwa dada mmoja wa Kilifi aliyekuwa anafanya kazi za ndani hukohuko, nyuma yake jenereta inanguruma na mtoto anakohoa. "Kaka, hiyo ngome munayosema iko upande gani? Mimi hapa naona maghorofa, saluni na duka la mikate, na tajiri wangu ashakimbia na ufunguo." Niliisikiliza mara tatu.

Ukitaka kujua Dahiya ni nini anza na Haret Hreik, ndo mtaa unaotajwa zaidi. Ilikuwa kijiji cha Wakristo wengi, Michel Aoun kazaliwa hapo, na kanisa la Wamaroni bado limesimama. Washia walimiminika kutoka kusini na bonde la Bekaa kwa umaskini, wengine wakikimbia mashambulizi ya Israel ya 1978 na 1982, wengine wakifukuzwa mashariki mwa Beirut wakati wa vita. Jirani kuna kambi ya Wapalestina ya Bourj el-Barajneh, kuna Wasyria, kuna Waethiopia na Wakenya. Ukiita ngome, bomu likianguka msomaji anahesabu limeangukia jeshi.

Waandishi wa nje wanapata wapi habari zao?

Zamani, hotelini. Wakati wa vita wengi walikaa Commodore, Beirut magharibi, kulikuwa na simu na teleksi zinazofanya kazi, na kasuku baani aliyejifunza kuiga mluzi wa kombora linalokuja, wageni wanajitupa chini ya meza wenyeji wanacheka. Halafu utekaji ukazidi. Terry Anderson wa shirika la AP alitekwa Machi 1985 akaachiwa Desemba 1991, karibu miaka 7. Baada ya hapo wageni wengi waliondoka, wengine wakawa wanaripoti Lebanon kutoka Cyprus, na hapo ndo aya za tempuleti zilipozidi kunoga.

Siku hizi mgeni anashuka na fiksa, mwenyeji anayemtafutia watu, anayemtafsiria na kumwambia kona gani asipige picha. Fiksa naye ana mtaa wake na watu anaowajua. Na kusini, mpakani, waliokuwa mbele wengi walikuwa Walebanoni wenyewe. Issam Abdallah wa Reuters aliuawa 13 Oktoba 2023 akiwa na wenzake wamevaa vesti zilizoandikwa waandishi, na uchunguzi wa Reuters ukaonyesha makombora yalitoka kwenye kifaru cha Israel.

Basi si bora nisikilize vyombo vya Lebanon vyenyewe?

Sikiliza, lakini jua na hewani kuna mgao. Baada ya vita leseni za TV ziligawiwa kwa wakubwa: Al-Manar ya Hezbollah, NBN ya upande wa Berri (watani wanasema herufi mbili za kwanza ni za jina lake), Future ilikuwa ya akina Hariri mpaka ikazimwa 2019, OTV ya watu wa Aoun, na LBCI ilianzishwa na wanamgambo wa Kikristo wakati wa vita. Wana waandishi wazuri sana na wanachimba mambo ambayo mgeni hawezi. Dawa ni kufungua mbili zinazochukiana kwa wakati mmoja, zile habari ambazo zote mbili zimezikwepa ndo za kutafuta.

Na wa Kiswahili je? Mbona taarifa mbili za Kiswahili zinaonekana zinazungumzia vita tofauti?

Hili nalipenda. Fungua BBC au DW Kiswahili utasoma "kundi la wanamgambo wa Hezbollah linaloungwa mkono na Iran". Fungua Idhaa ya Kiswahili ya Tehran, tukio lilelile, utasoma "harakati ya muqawama" (yaani ya mapambano) na "utawala wa Kizayuni", na aliyekufa huku kaitwa mpiganaji kule ni shahidi. Wote Kiswahili safi. Kila neno limekuja na pasipoti ya nchi yake.

Angalia pia nani anabandikwa mfadhili. Hezbollah haitajwi bila Iran, sawa, ni kweli Iran inaifadhili. Lakini jeshi la Lebanon limepokea msaada wa mabilioni ya dola kutoka Marekani tangu 2006 na ni nadra kuona limeitwa jeshi linaloungwa mkono na Marekani, wala wanasiasa waliobebwa miaka yote na Saudi Arabia hawabandikwi kila mara. Ukiamua kubandika, bandika wote.

2019 mbona waliandika eti watu wameandamana kwa sababu ya WhatsApp?

Manake ilikuwa inachekesha na inaleta wasomaji. Serikali ilitaka kutoza simu za WhatsApp kama dola 6 kwa mwezi, jioni ya 17 Oktoba watu wakaingia barabarani. Ila huo ulikuwa mwiba wa mwisho tu. Fedha yao ilikuwa imefungwa 1,507.5 kwa dola tangu 1997 na nyuma ya pazia benki zilikuwa zimeshakauka, baadaye ikaporomoka mpaka kama 89,500 kwa dola, na watu waliweka akiba ya maisha wakakuta mlango wa benki umefungwa kwa mabati.

Kilichokuwa kipya ni kaulimbiu, "wote maana yake wote", yaani vigogo wote waondoke, wa kwangu naye akiwemo. Tripoli ya Wasunni (ya Lebanon, sio ile ya Libya), Nabatieh ya Washia na miji ya Wakristo ziliandamana kwa pamoja, watu wakashikana mikono kutoka kaskazini mpaka kusini mwa pwani. Wapiga picha wa nje walikuja, wakakaa wiki kadhaa, wakaondoka kabla mfumo haujajibu. 2022 wabunge kama 13 wa mageuzi waliingia bungeni, hawakutosha. Kwa nini waliobaki walishinda, rudi kwenye lile swali la vigogo.

Mlipuko wa bandari nao ni mambo ya madhehebu?

Mlipuko wenyewe hapana. Tani 2,750 za amonia naitreti zilikaa ghala la bandari miaka kama 6, viongozi wa ngazi mbalimbali walishaandikiwa barua, na 4 Agosti 2020 zikalipuka zikaua watu zaidi ya 200. Madhehebu yaliingia kwenye kesi. Jaji Tarek Bitar aliwaita kuhojiwa waziri mkuu Hassan Diab na mawaziri wa zamani, Wasunni, Washia na Mmaroni humohumo, na karibu wote wakatafuta njia ya kumkwepa. 14 Oktoba 2021 wafuasi wa Amal na Hezbollah waliandamana kumpinga, risasi zikapigwa pale Tayouneh, watu 7 wakafa. Dunia ikaandika "mapigano ya kidhehebu yarejea Beirut". Jaji na mafaili yake wakashuka aya ya tisa.

## Yanayochanganya

Hezbollah ni chama, jeshi, au magaidi?

Inategemea umesimama wapi. Wana wabunge tangu 1992, wana hospitali na shule, na wana silaha ambazo Taif iliwataka wanamgambo wote waziachie. Marekani inawaita magaidi wote, Uingereza nayo tangu 2019, Umoja wa Ulaya umeorodhesha tawi la kijeshi tu. Na kuna Washia wasiowataka kabisa, hao hawapigiwi simu na wageni manake wanaharibu ile picha ya "Washia wanasema".

Wadruze ni Waislamu?

Kwenye mgao wa viti wanahesabiwa upande wa Waislamu. Imani yao ilichipuka kutoka Uislamu wa Kishia wa Ismailia karne ya 11 na ina siri zake. Ukimuuliza Mdruze mwenyewe, jibu linategemea amekuzoea kiasi gani.

Wapalestina walioko Lebanon wanahesabiwa wapi?

Popote hawapo. Wengi wamezaliwa hapo, wazazi wao pia, lakini wengi ni Wasunni na wakipewa uraia mizani yote inapinduka, katiba yenyewe inakataa kuwapa makazi ya kudumu. Waarmenia waliokimbilia hapo baada ya mauaji ya Uturuki walipewa uraia miaka ya 1920, na leo wana viti bungeni. Tofauti ni hesabu ilikuwa inahitaji nini wakati ule.

Na dada zetu wanaofanya kazi huko, mbona hawatajwi?

Hawana dhehebu kwenye mgao, hawana zaim, na aya ya usuli haina nafasi yao. Wako chini ya kafala, kibali cha kukaa kimefungwa kwa mwajiri, mara nyingi pasipoti anakaa nayo yeye. Walitokea kwenye habari 2020 Wakenya walipolala nje ya ubalozi mdogo wa Kenya Beirut wakidai kurudishwa nyumbani, na 2024 vita vilipowakuta. Hata kazi ya askari wa Tanzania waliokuwa kwenye UNIFIL, kikosi cha kulinda amani cha Umoja wa Mataifa, kusini utaisikia Dar tu. Yule dada wa Kilifi alirudi, na siku hizi ananisahihisha kwa simu kila nikikosea jina la mtaa.

Mtu akitaka kufuta dhehebu lake kabisa inawezekana?

Tangu 2009 inawezekana, wizara ya mambo ya ndani iliruhusu mtu kuomba lifutwe kwenye daftari la familia, mahali pake panabaki mstari. Kupiga kura anapiga, manake mpiga kura anaruhusiwa kuchagua wagombea wa dhehebu lolote jimboni kwake, watu wengi wa nje hawajui hili. Ugumu ni kugombea, kila kiti kina dhehebu lake na yeye hana. Kazi kubwa ya serikali vilevile, atapangwa kwenye nusu ipi? Mirathi yake nayo lazima ifuate sheria ya kundi fulani. Wengine wanaiacha hivyohivyo, wanabaki Wamaroni au Washia wa karatasi, na wakitaka kuoa wanajua ndege ya Cyprus inaondoka saa ngapi.